Ngome Ikianguka, Uliza Watu Wamekwenda Wapi



Ndugu zangu na dada zangu wa Lodwar na Kakuma, na nyinyi mliotoka Kerio na jua lote hili, ahsanteni kwa kuja.

Leo tuzungumze juu ya mji ambao wengi wetu hatujaufika, lakini una mkono mkubwa katika kuzaliwa kwa kambi ya Kakuma. Mji wenyewe ni Kapoeta, ng'ambo ya mpaka, nchi ambayo leo ni Sudan Kusini.

Turudi 1992. Sudan ilikuwa vitani tangu 1983, na Kapoeta ilikuwa mikononi mwa waasi wa SPLA wa John Garang tangu 1988. Mwaka 1991 waasi hao walipata mapigo mawili. Mei, Mengistu alianguka Ethiopia, wakapoteza kambi zao za huko. Agosti, Riek Machar na Lam Akol wakajitenga na Garang, waasi wakaanza kuuana wao kwa wao. Khartoum ikaona mlango uko wazi. Mwaka uliofuata serikali ya Omar al-Bashir ikaanzisha mashambulizi makubwa: Pochalla ikaanguka Machi, Bor Aprili, Kapoeta mwisho wa Mei, na Julai ikaanguka Torit, makao makuu ya waasi.

Kwa hesabu ya jeshi, huo ni ushindi. Sasa tufanye hesabu ya watu.

Maelfu ya wavulana wasio na wazazi, waliotoka kambi za Ethiopia kwa miguu, walikuwa wamefika Narus, karibu na mpaka wetu. Kapoeta ilipotekwa, Narus haikukalika tena. Wakakimbilia Lokichoggio, zaidi ya 10,000, wengine bado watoto wadogo kabisa. Na Loki nayo ilikuwa karibu mno na vita, ndipo wakapelekwa Kakuma. Kambi ikafunguliwa mwaka huohuo.

Kuna jambo ambalo sisi Waislamu hatuwezi kulipita kimya. Serikali ile iliita vita vyake jihadi. Lakini jeshi hilohilo lilikuwa likichoma vijiji kwenye milima ya Nuba, ambako Waislamu ni wengi, na misikiti haikusalimika. Kamanda wa waasi huko, Yusuf Kuwa, alikuwa Mwislamu. Aprili 1992, mjini El Obeid, ikatolewa fatwa kwamba Mwislamu aliye upande wa waasi ni murtadi. Sasa hiyo ni dini, ama ni siasa iliyovaa kanzu? Dini yetu imeweka mipaka ya vita: mtoto, mwanamke, mzee na asiyebeba silaha haguswi. Anayeivuka asiazime jina la dini.

Na tuseme kweli yote. Waasi nao hawakuwa malaika. Novemba 1991 kundi la Machar liliua raia wengi huko Bor, na pande za waasi ziliwapa watoto bunduki. Damu ya raia ni damu, amwage nani.

Na ule ushindi uliishia wapi? Juni 2002 SPLA iliichukua tena Kapoeta. Miaka kumi, mji uleule! Vita vyenyewe vilikwisha mezani, kwa mkataba uliotiwa saini hapa Nairobi tarehe 9 Januari 2005. Lakini Kakuma ipo hadi leo.

Ndiyo maana Machi 2021, serikali yetu ilipotoa siku 14 ipewe mpango wa kufunga Dadaab na Kakuma, swali lilikuwa hili: hao watu warudi wapi? Mturkana ana malalamiko ya haki kuhusu maji, kuni, malisho na kazi. Asikizwe, na apewe haki yake. Lakini haki yake haipatikani kwa kumrudisha jirani kwenye risasi.

Tangu Aprili 2023 Sudan inaungua tena. Kwa hivyo ukisikia redioni kwamba jeshi limeteka ngome, iwe Sudan, Kongo ama hapa kwetu, usikimbilie kupiga makofi. Uliza kwanza: waliokuwa wakiishi mle ndani wako wapi, na usiku wa leo wanalala wapi?

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.