Mshahara wa Mlinzi wa Bomu
(Maneno yaliyosemwa mbele ya mkutano wa tawi)



Tumeombwa kusema machache juu ya mataifa yanavyosaidiana kupunguza bomu za atomiki. Wengine wenu mmecheka, mkauliza mtu wa reli anajua nini juu ya bomu. Ngojeni kidogo, maana habari yenyewe imejaa mabehewa.

Mwezi wa Desemba 1991 Dola ya Kisovieti ilivunjika. Bomu zake, maelfu kwa maelfu, zikajikuta katika nchi nne: Urusi, Ukraine, Kazakhstan na Belarus. Ukraine peke yake ilibaki na vichwa vya makombora ya masafa marefu karibu 1,900. Wakati huo huo fedha zao zilianguka thamani, na mishahara ikawa inachelewa miezi.

Hapo ndipo hatari ilipokuwa. Watu hudhani bomu hulindwa na ukuta na seng'enge, kumbe analilinda askari, na askari ana watoto nyumbani. Sisi tunalijua jambo hili. Katika yadi moja tuliyofanya kazi, mshahara wa walinzi ulikawia miezi miwili. Mwezi wa tatu tukaanza kukuta lakiri za mabehewa zimekatwa, wala hakuna aliyeona kitu. Na humo ndani mlikuwa sukari tu na vitambaa.

Kule Marekani maseneta wawili, Sam Nunn na Richard Lugar, wa vyama viwili vinavyopingana, waliiona hatari hiyo. Mwaka ule ule wa 1991 ikapita sheria ya kutoa dola milioni 400 katika fungu la jeshi lao, ziende kusaidia kuvunja na kulinda silaha za adui wao wa jana. Wako waliolalamika: mbona tumlipe adui? Lakini fikirini, je, ni heri alipwe, au auze kwa mtu asiyejulikana?

Fedha zile zilifanya kazi za kawaida kabisa, kama zile tuzijuazo karakanani. Zilinunua kufuli, ua, winchi, na vyombo vya kukatia chuma. Mabehewa zaidi ya 100 ya Urusi yalitengenezwa upya yawe salama kuchukulia vichwa vya bomu. Maana bomu za Ukraine zilirudi Urusi kwa treni, zikavunjwe huko. Kazakhstan ilimaliza kuzitoa zake Aprili 1995, Ukraine tarehe 1 Juni 1996, na Belarus Novemba mwaka huo. Siku chache baada ya treni za Ukraine kumaliza kazi, mawaziri wa ulinzi watatu, wa Marekani, Urusi na Ukraine, walikwenda Pervomaisk, mahali palipokuwa na makombora, wakapanda alizeti. Ilikuwa sherehe nzuri. Gadi aliyekaa nyuma ya treni zile usiku kucha hakuitwa kupanda kitu.

Kazakhstan ilikuwa na sababu yake ya kuzikataa. Katika nyika ya Semipalatinsk, tangu 1949 hata 1989, walijaribiwa bomu 456, na wenyeji wakaumwa kwa sumu yake. Mwaka 1994 nchi hiyo iliwaachia Wamarekani wachukue kwa ndege kilo 600 hivi za urani iliyofaa kutengenezea bomu.

Wataalamu nao hawakusahauliwa. Kuanzia 1994 kituo kimoja Moscow kiliwalipa maelfu yao wafanye kazi za amani, ili wasiajiriwe na mtu mbaya. Ulaya na Japani zilichangia. Tena tani 500 za urani ya bomu za Urusi zilipunguzwa nguvu, zikauzwa Marekani kuwa kuni za mitambo ya umeme, tangu 1993 hata 2013. Katika miaka ile, taa moja katika kila kumi kule Marekani iliwashwa na bomu za Warusi.

Sasa tuseme na ubaya wake, maana tusipousema mtatuuliza. Ukraine ilipokubali kuzitoa bomu, ilipewa karatasi Budapest, Desemba 1994. Urusi, Uingereza na Marekani ziliahidi kuiheshimu mipaka yake. Mwaka 2014 Urusi ikachukua Crimea, na 2022 ikaingia kwa vita kubwa. Wengi husema Ukraine ilidanganywa, ingebaki na bomu zake. Sisi hatukubali upesi hivyo. Kuzitunza kulitaka fedha isiyokuwapo, na funguo za kuzirusha zilikuwa Moscow. Kosa tunaloliona ni jingine, nanyi mlioketi na waajiri mnalijua: mapatano yalitiwa sahihi, lakini hayakusema nani atamshika mwenye kuyavunja.

Mpango wa Nunn na Lugar ndani ya Urusi ulikoma Juni 2013, hata kabla ya Crimea. Mwaka 2023 Urusi ikasimamisha mkataba uliowaruhusu wakaguzi wa pande mbili kuhesabu silaha. Bomu zilizobaki ni maelfu, na wale waliokuwa wakiingiliana kuhesabu na kufunga kufuli pamoja sasa wanatazamana kwa mbali.

Afrika Kusini ilizivunja zake sita kwa hiari, na bara letu lina mkataba wa Pelindaba wa kuzikataza, ulioanza nguvu 2009. Juu ya huo ndugu Katibu ameahidi kusema mkutano ujao. Mwenye swali juu ya mabehewa yale na asimame sasa, kabla ya zamu ya saa mbili.