Kidole Kinywani: Namna ya Kumsaidia Mtoto Aache Kunyonya Vidole

Maelezo yaliyotolewa kwa wazazi na walezi katika Siku ya Afya na Lishe ya Kijiji



Miongoni mwa maswali ambayo kina mama huwauliza wauguzi baada ya watoto kupimwa uzito, liko moja linaloulizwa kwa sauti ya chini, kana kwamba ni aibu. Mtoto ananyonya kidole. Amekatazwa, amechapwa, amepakwa pilipili, na bado ananyonya. Swali hilo lina majibu, wala hakuna aibu ndani yake.

Kunyonya ni kipaji ambacho mtoto huzaliwa nacho. Kipimo cha altrasaundi huwaonyesha baadhi ya watoto wakiwa na kidole kinywani wangali tumboni mwa mama, na ni kipaji hichohicho kinachomwezesha mtoto mchanga kulishika titi saa ya kwanza ya uhai wake. Baadaye, fizi zinapoanza kuwasha mnamo mwezi wa sita hivi, mikono huenda kinywani mchana kutwa. Hapa inafaa lisemwe jambo moja pembeni. Vile vivimbe vyeupe vya fizi ambavyo baadhi ya watu huviita meno ya plastiki si ugonjwa, bali ni meno ya utotoni yanayojiandaa kuota. Wapo watoto waliovuja damu, waliopata maambukizi na hata waliopoteza maisha kwa sababu ya kung'olewa vivimbe hivyo. Mtoto anayewashwa na fizi hupewa kitambaa safi kilicholowekwa maji baridi akitafune, na akiwa na homa au kuharisha hupelekwa zahanati.

Watoto wengi huacha kunyonya vidole wenyewe wakiwa na umri wa kati ya miaka 2 na 4. Kwa hiyo mzazi wa mtoto wa mwaka mmoja na nusu hana vita vya kupigana. Umri wa kuangaliwa kwa makini ni baada ya miaka 4, kwa kuwa meno ya kudumu ya mbele huanza kuota mtoto akikaribia miaka 6, na meno hayo hayapati mbadala.

Kidole gumba kikikaa kinywani kwa muda mrefu huegemea nyuma ya meno ya juu na kuyasukuma mbele, huku kikiyakandamiza yale ya chini kuelekea ndani. Mashavu nayo hubana, na kaakaa huweza kuwa jembamba. Matokeo yake ni meno ya juu kuchomoza, au meno ya mbele kushindwa kukutana hata kinywa kikifungwa. Mtoto wa namna hiyo hupata taabu ya kukata muwa kwa meno ya mbele, na anapotamka sauti kama s na z ulimi huchungulia katika lile pengo. Hata hivyo, madhara hufuata muda na nguvu ya kunyonya. Anayetia kidole kinywani dakika chache akisinzia hayuko sawa na anayenyonya kwa nguvu usiku kucha. Habari njema ni kwamba mtoto akiacha kabla meno ya kudumu hayajaota, mara nyingi meno na taya hujirekebisha. Akichelewa, huenda akahitaji kupangwa meno kwa nyaya, huduma isiyopatikana katika zahanati wala kituo cha afya, na gharama yake si ndogo.

Kidole hicho pia hutoka uwanjani, penye udongo na kuku, kikiwa kimebeba mayai ya minyoo. Ndiyo maana kunawa mikono kwa sabuni hakuwezi kusubiri mtoto aache, na watoto wa miezi 12 hadi 59 wanapaswa kufikishwa kliniki kupata dawa za minyoo zinazotolewa mara mbili kwa mwaka pamoja na matone ya vitamini A.

Sasa kuhusu pilipili. Mtoto mwenye usingizi hufikicha macho. Mkono uliopakwa pilipili huenda jichoni kabla ya kufika kinywani, na mzazi aliyetaka kuokoa meno hujikuta akikimbilia zahanati na mtoto anayepiga mayowe. Shubiri, ambayo vizazi vingi vimeitumia kumwachishia mtoto ziwa, haiunguzi hivyo, lakini nayo ina kasoro: humwondolea mtoto kidole bila kumpa usingizi. Ama kipigo, hicho ndicho kibaya kuliko vyote. Mtoto hunyonya kidole ili atulie, na anayepigwa huwa na hofu zaidi, hivyo huhitaji kutulia zaidi, akanyonya kwa kujificha chini ya shuka. Kumfunga mikono au kumchoma vidole, kama inavyotokea katika baadhi ya nyumba, ni mateso, na Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inayakataza.

Njia yenye matunda huanza kwa kutazama. Kwa muda wa wiki moja mzazi hasemi neno, ila huangalia ni wakati gani kidole huingia kinywani: mtoto akiwa na njaa, akichoka, akikaa bila kazi, mama akitoka kwenda shambani, au mdogo wake akibebwa. Kila sababu ina dawa yake. Anayenyonya kwa kukosa kazi hupewa kazi ya mikono, kama vile kuchambua maharage pamoja na bibi, kufinyanga udongo au kusuka mpira wa makaratasi. Anayenyonya ili alale hupewa kitu kingine cha kumtuliza, kama hadithi fupi, wimbo, au kipande cha khanga ya mama akishike kwa mkono uleule.

Mtoto wa miaka 4 au 5 anaelewa, na ni vyema ashirikishwe. Aonyeshwe meno yake kwenye kioo, aelezwe bila kutishwa, kisha aulizwe kama yuko tayari. Akikubali, kila siku aliyoshinda bila kidole huwekewa alama kwenye kalenda ya ukutani, na sifa zitolewe mbele ya watu wa nyumbani. Ianzwe na mchana, kwani usiku ndio mgumu zaidi. Usiku soksi safi mkononi humsaidia mtoto kukumbuka, mradi iwe ni hiari yake. Kazi hii huharibiwa haraka na kaka au shangazi anayemwita mtoto "kichanga" mbele ya wenzake, kwa hiyo watu wote wa nyumba wakubaliane kwanza. Januari mtoto anapoanza darasa la awali, au wiki ambayo mama amejifungua, si wakati wa kuanza. Na akishaacha, homa moja huweza kumrudisha nyuma kwa siku kadhaa. Alama za kalenda zisifutwe kwa sababu hiyo.

Lipo jambo zito zaidi. Mtoto aliyekwisha kuacha akarudia ghafla bila ugonjwa, akawa mnyamavu, akakojoa kitandani au akamwogopa mtu fulani, huenda anaeleza kwa kidole jambo asiloweza kulisema kwa mdomo. Asigombezwe. Aulizwe kwa upole, na ikihitajika afisa ustawi wa jamii aarifiwe au ipigwe Simu ya Huduma kwa Mtoto, namba 116.

Mzazi anapaswa kumpeleka mtoto kwa mtaalamu wa kinywa na meno iwapo amefikisha miaka 5 na bado ananyonya, au meno yameanza kuchomoza. Kidole chenye usaha pembeni mwa ukucha, ambao wengi huuita mdudu wa kidole, kionwe zahanati mapema. Katika uchunguzi wa kawaida, mtaalamu huanza kwa kutazama kinywa kwa kioo kidogo, na kutazamwa hakuumi. Kwa hiyo mtoto asiambiwe njiani kwamba anakwenda kung'olewa jino.