Kura ya Rais na Jirani Yetu wa Kambini

(Maneno yaliyosomwa mbele ya mkutano wa wanachama, Kericho)



Mmetutaka tuseme juu ya kura ya Rais, jinsi sisi wapigaji kura tulivyoiona mioyoni mwetu. Hatutasifu chama hiki wala kukilaumu kile. Chama chetu ni cha kazi, na ndani yake wamo watu wa kila upande. Tutasema tuliyoyaona tarehe 9 Agosti 2022 na siku zilizofuata, katika nchi hii ya chai, toka Londiani mpaka Sotik.

Jambo la kwanza tuliloliona lilikuja kabla ya siku ya kura. Magari ya kwenda Kisii, Nyamira na Busia yalijaa wachumaji chai na watoto wao na magodoro yao. Wengine walikwenda kupiga kura kwao, maana huko ndiko walikojiandikisha. Lakini mtu aendaye kupiga kura hachukui godoro. Wale walikuwa wanakimbia mapema.

Nasi hatukuwacheka, kwa sababu twajua walichokikumbuka. Baada ya uchaguzi wa tarehe 27 Desemba 2007, watu zaidi ya 1,100 walikufa katika Kenya, na mamia ya maelfu wakatoka makwao. Hapa Kericho wafanyakazi wa makabila mengine walivamiwa katika nyumba za kambi, wakapigwa, wakaporwa, na wengine wakauawa. Wengi wetu tulikuwa wanafunzi wakati huo. Tuliwaona wanaume wazima wakilala porini ndani ya michai. Mambo hayo hayasahauliki kwa kuambiwa kwamba sasa kuna amani.

Basi siku ya kura ikafika. Tulipanga mstari, Mkipsigis, Mjaluo, Mkisii na Mluhya, tukapewa karatasi sita, tukatiwa wino kidoleni. Ndani ya kile kisanduku cha kupigia kura hakuna mnyapara wala karani wala mzee wa ukoo. Twakiri kwamba tulifurahi. Mtu anayeamrishwa siku zote, fanya hivi, peleka kile, siku ile aliamua mwenyewe.

Jioni karatasi ya hesabu ilibandikwa mlangoni, nayo yaitwa Fomu 34A. Kila kituo kina wapigaji kura wasiozidi 700, kwa hiyo hesabu yake si kubwa, na kila ajuaye kusoma aweza kuisoma. Tena mwaka ule Tume iliziweka picha za fomu hizo hadharani, wananchi wote wakajumlisha wenyewe.

Kisha tukangoja siku sita. Ndugu, kungoja kule kulikuwa kuzito. Kila saa habari mpya, huyu ameshinda, yule ameibiwa. Sisi wa reli tukaambiana: dereva wa gari moshi haondoki stesheni kwa sababu abiria amesema njia ni wazi. Hungoja signali. Akiondoka kwa uvumi, atakutana na gari jingine njiani, na watakaokufa ni abiria.

Jumatatu tarehe 15 Agosti, marehemu Wafula Chebukati alimtangaza William Ruto kuwa amepata kura 7,176,141, na marehemu Raila Odinga kura 6,942,930. Tofauti ilikuwa kura 233,211 tu. Siku hiyo hiyo makamishna wanne kati ya saba wa Tume walisema hawaikubali hesabu ile. Hapa kwetu Kericho na Bomet watu wengi walishangilia mpaka usiku, maana ni mtu wa kwao. Lakini katika kambi zile zile palikuwa na milango iliyofungwa na taa zilizozimwa mapema. Hilo ndilo lililotugusa. Furaha yetu ilikuwa halali, na huzuni yao ilikuwa halali vile vile. Walipiga kura kama sisi, kwa wino ule ule.

Lililotuliza mambo ni kwamba palikuwa na mahali pa kupeleka mashtaka. Katiba ya 2010 yampa mlalamikaji siku 7 kufika Mahakama ya Juu, na mahakama siku 14 kuamua. Mwaka 2017 mahakama hiyo ilifuta uchaguzi wa Rais, ukarudiwa. Kwa hiyo tarehe 5 Septemba 2022, majaji wote saba walipouthibitisha ushindi wa Ruto, hata aliyeumia alijua kwamba kesi imesikilizwa. Mwaka 2007 watu hawakuiamini mahakama, wakaenda barabarani.

Sasa tuwaambie jambo gumu kidogo. Aliyeshangilia na aliyezima taa waliamka asubuhi wakaenda kuchuma chai ile ile, wakapimiwa kwa mizani ile ile. Hata mwaka haujaisha, Mei 2023, mashine za kuchuma chai zilichomwa moto hapa Kericho, kwa kuwa watu waliona zinawanyang'anya kazi. Rais alikuwa wa kwetu, na mashine zilikuwa zikichuma. Mashine haiulizi kabila la mtu inayemwondoa. Basi yule jirani uliyemtisha kwa ajili ya kura ndiye utakayemhitaji kesho kwenye meza ya mapatano na tajiri.

Kwa hiyo twaomba mambo matatu kabla ya uchaguzi wa Agosti 2027.

Kwanza, mtu asiulizwe kazini wala kambini amempigia nani. Kura ni siri kwa sheria. Wako wanyapara waliotuuliza sisi, tukawajibu kwamba mvua imechelewa mwaka huu.

Pili, afanyaye kazi hapa ajiandikishe hapa akipenda. Sheria yamruhusu. Zahanati anayotibiwa mtoto wake ni ya kaunti hii, wala si ya kule alikozaliwa. Lakini hatajiandikisha akiwa na hofu, na kuiondoa hofu hiyo ni kazi yetu sisi wenyeji.

Tatu, kila tawi lichague watu wawili au watatu wa makabila mbalimbali, wapite kambini pamoja siku za kungoja matokeo. Watu wakiwaona wamefuatana, uvumi utapungua nguvu.

Ndugu wanachama, safari ijayo tungependa kuona magari ya Kisii yamebeba watu wanaokwenda kupiga kura na kurudi, na magodoro yamebaki nyumbani.