ALIYEKATAA KUWAACHA MAJERUHI

(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama, Yamumbi, Eldoret)



Nataka kuwaambia habari za askari mmoja, kwani zatuhusu sisi watu wa reli.

Mwaka 1915 Waingereza na Wajerumani walipigana katika nchi hii. Askari wa Wajerumani walivuka mpaka wakatega baruti chini ya mataruma ya reli ya Mombasa. Basi Waingereza wakajenga njia nyingine ya reli kutoka Voi mpaka Maktau, ili kupeleka askari na vyakula upande wa Taveta.

Huko Maktau alikuwako Luteni Wilbur Dartnell, mzaliwa wa Melbourne, Australia, mwenye umri wa miaka 30. Tarehe 3 Septemba 1915 kikosi chake kilizidiwa, kikaanza kurudi nyuma. Yeye alikuwa amepigwa risasi mguuni, na wenzake walikuwa wakimbeba. Alipoona kwamba majeruhi walio hoi hawawezi kuchukuliwa, alishikilia aachwe pamoja nao. Alijua ya kuwa adui waweza kuwaua, lakini alitumaini kwamba akiwapo yeye, huenda wengine wakaokoka. Aliuawa pale pale. Desemba ya mwaka ule alitunukiwa Msalaba wa Victoria, nishani ya Waingereza iliyo kubwa kuliko zote kwa ushujaa vitani. Kaburi lake liko Voi.

Tena tusiwasahau wapagazi wa vita ile, walioacha jina la Kariokor kule Nairobi. Walikufa maelfu kwa maelfu, wengi kwa maradhi na uchovu, na wengi wao hawana kaburi lenye jina. Nao pia walibeba majeruhi.

Sasa nitasema la kwetu. Mwaka jana mwenzetu mmoja aliumia mguu wakati wa kuunganisha mabehewa. Wiki ya kwanza tulijaa kitandani pake. Mwezi wa pili hakwenda mtu. Mimi nami nilikwenda mara moja tu, kisha nikasema nina kazi nyingi. Haya naona haya kuyasema, lakini ni kweli.

Sisi hatupigwi risasi. Twaombwa saa moja tu ya Jumapili. Kwa hiyo naomba mkutano huu uandike orodha ya wanachama wawili wawili, kila Jumapili, kumtazama mwenzetu aliyeumia na kuwajulia hali watoto wake, mpaka arudi kazini.

Jina la kwanza liwe langu.