Si Uoga, ni Kiwewe

Mto Mkondoa ulipofurika mjini Kilosa Desemba 2009, maelfu ya watu walihamia kwenye mahema. Maji yalikwisha. Lakini aliyeokoka, mvua ikianza kupiga bati usiku, aweza kuamka na kukaa kitako, moyo ukimwenda mbio, kumbe ni manyunyu tu. Majirani humwita mwoga.

Saikolojia ina neno lake. Wiki za mwanzo ule ni mshtuko, nao huwapata wengi. Ukipita mwezi mtu halali, huitwa kiwewe: akili imefunga pamoja mlio wa mvua na hatari. Mrusi Ivan Pavlov aliwazoesha mbwa kutokwa mate kwa kusikia mlio uliotangulia chakula. Nyani wa Mikumi nao, wakitupiwa ndizi na abiria barabarani, hujifunza kulingoja basi. Basi lenyewe haliliwi!

Basi tusimwambie mtu huyo “sahau.” Fundo hilo hulegea polepole, mvua inaponyesha naye yuko salama, pembeni ana mtu anayemwamini. Lisipolegea, apelekwe hospitali, wala asifichwe ndani kwa aibu.