Kukadiria Daraja na Hali ya Uso wa Sarafu Kongwe ya Fedha: Mfano wa Reale ya Maria Theresa

Mada hii inahusu hukumu mbili ambazo aghalabu huchanganywa zikawa moja pindi sarafu kongwe ya fedha inapowekwa mezani mbele ya mtunza makumbusho, mkusanyaji au sonara. Hukumu ya kwanza ni ya daraja, yaani kipimo cha uchakavu uliotokana na sarafu kupita mikononi mwa watu. Ya pili ni ya hali ya uso, yaani jinsi ngozi ya nje ya madini ilivyosalia au ilivyoguswa baada ya kutoka kiwandani. Hoja inayotetewa hapa ni kwamba hukumu ya pili itangulie, kwa kuwa sarafu iliyong'arishwa humpotosha hata mkadiriaji mzoefu aliyeanza na daraja.

Mfano uliochaguliwa ni reale ya Maria Theresa, malikia aliyetawala Austria na kufariki mwaka 1780, kwa sababu ndiyo iliyotumika sana katika biashara ya Bahari ya Shamu, Uhabeshi, Omani na Zanzibar, ambako katika karne ya 19 hata mahesabu ya ushuru wa forodha yaliandikwa kwa reale. Sarafu hiyo iliendelea kupigwa ikiwa na mwaka uleule wa 1780 katika viwanda vya Vienna, Milan, Venice na kwingineko, na kuanzia mwaka 1935 ikapigwa pia Rome, kisha London, Paris, Brussels na Bombay. Kwa hiyo tarehe iliyomo haimwambii mtazamaji umri wa sarafu, na mkadiriaji analazimika kuusoma uso wenyewe. Uzito wake halali ni takriban gramu 28.07, na katika kila sehemu 1,000 za madini yake, sehemu 833 ni fedha na zilizobaki ni shaba.

Daraja husomwa kwenye sehemu zilizoinuka zaidi, kwani ndizo zinazosuguliwa kwanza. Upande wa kichwa sehemu hizo ni nywele zilizo juu ya sikio, mikunjo ya ushungi wa ujane ambao malikia aliuvaa baada ya kufiwa na mumewe mwaka 1765, lulu za taji dogo la kichwani, na bizimu ya begani yenye lulu kuizunguka. Upande wa pili ni kifua na manyoya ya tai mwenye vichwa viwili. Wafanyabiashara wa Arabuni na Uhabeshi walizoea kuzitazama lulu hizo kabla ya kuipokea reale, na iliyofifia lulu waliweza kuikataa, jambo linaloonyesha kwamba ukadiriaji ulikuwepo sokoni kabla haujaingia vitabuni. Kipimo kinachotumiwa zaidi leo, cha namba 1 hadi 70, kilitungwa na William Sheldon wa Marekani mwaka 1949 kwa ajili ya senti kubwa za shaba za nchi yake, na kuanzia namba 60 sarafu huhesabiwa kuwa haijaingia katika mzunguko.

Hata hivyo, si kila lulu iliyofifia imesuguliwa. Huenda pigo lenyewe lilikuwa dhaifu, yaani muhuri wa chuma haukuikandamiza fedha kiasi cha kujaza kila tundu la nakshi. Palipochakaa huwa laini na rangi yake hutofautiana na ya mahali palipo jirani, ilhali palipopigwa kidhaifu husalia na mng'ao uleule wa uwanda, yaani sehemu tupu isiyo na picha wala maandishi.

Mng'ao huo ndio kiini cha hukumu ya uso. Muhuri unapoikandamiza fedha, madini hutiririka kuelekea ukingoni na kuacha mistari midogo mno ambayo hurudisha mwanga kwa mikanda inayozunguka, kama spoki za gurudumu la baiskeli, kila sarafu inapoinamishwa. Ili kuiona mikanda hiyo, sarafu ishikwe kwa ubavu wake juu ya kitambaa laini, chini ya taa moja, kwa maana taa za mirija za ofisini hutawanya mwanga na kuficha mikwaruzo. Reale iliyosuguliwa kwa jivu au kwa dawa ya meno hung'aa kweli, lakini mwanga wake umetulia mahali pamoja, na lenzi ya kukuza mara 10 hufichua mikwaruzo myembamba inayokwenda sambamba, ikipanda uwandani na kukatika inapofika kwenye herufi, kwa sababu kidole kilichosugua hakikuweza kuingia pembeni mwake. Ndani ya pembe hizo mara nyingi hubaki weusi wa zamani, nao ni ushahidi tosha. Iliyochovywa katika dawa ya kemikali haina mikwaruzo hiyo, bali ni nyeupe kupita kiasi na imepooza, kwani dawa huyeyusha utando pamoja na tabaka jembamba la fedha lililobeba mistari ya mtiririko.

Utando wenyewe si uchafu. Ni salfaidi ya fedha, inayotokana na salfa iliyomo hewani, katika moshi, sufu na mpira, nayo huanza na rangi ya dhahabu, ikapitia wekundu na buluu kabla ya kuwa ya kijivu au nyeusi. Utando uliokaa miaka mingi hubadilika rangi kidogo kidogo kutoka ukingoni, ilhali wa kughushi huwa na rangi kali zinazopita juu ya mikwaruzo kana kwamba haipo. Katika mwambao kuna tatizo jingine: chumvi hugeuza uso kuwa kloridi ya fedha, ganda laini la kijivu ambalo likibanduliwa huacha vijishimo, na shaba iliyomo hutoa ukijani. Ganda hilo liachiwe mhifadhi mwenye taaluma. Kulisafisha kwa ndimu hakufai kabisa.

Kwa kuwa reale nyingi zilivaliwa kama mapambo, ubavu nao ukaguliwe. Huko kuna maneno ya Kilatini yaliyoinuka, IUSTITIA ET CLEMENTIA, yaani haki na huruma, na herufi zilizopotea juu ya kichwa cha malikia huashiria pete iliyobanduliwa, hasa pakiwa na lehemu au mabaki ya mchovyo wa dhahabu. Ubavu huohuo hufichua sarafu ya kughushi iliyomiminwa katika kalibu, ambayo huwa na herufi butu na mshono. Kipimo kingine cha kughushi ni uzito majini: reale halisi ikipimwa huku imening'inizwa kwa uzi ndani ya maji, uzito wake hupungua kwa takriban gramu 2.75.

Katika rejesta, basi, namba ya daraja isiandikwe peke yake. Maelezo yanayofaa yangesomeka hivi: reale ya Maria Theresa, 1780, pigo la baadaye; uso ulisuguliwa zamani, mikwaruzo sambamba uwandani upande wa kichwa, utando mpya wa kijivu; alama ya lehemu ubavuni; gramu 27.9, uchakavu wa daraja la 45. Picha za pande zote mbili na za ubavu ziambatanishwe, zikiwa zimepigwa chini ya taa ileile iliyotumika kukadiria.