Ndiva Haiuzwi: Niliyowaambia Vijana wa Bendera Kuhusu Ardhi

Sitaongea sana, najua wengine kesho alfajiri mko kwenye majaruba ya mpunga.

Nianze na kitu tunachokijua sisi Wapare: ndiva. Huko juu milimani babu zetu walichimba ndiva. Maji yanakusanywa usiku, asubuhi mfereji unafunguliwa kwa zamu. Shamba ni la familia, mahindi ni ya familia, lakini ndiva ni ya wote. Ikijaa tope, msaragambo unaitwa, watu wanatoka na majembe. Mmewahi kusikia mtu ameuza ndiva? Hakuna. Sasa naulizeni, kwa nini ardhi ya kijiji tunashindwa kuilinda hivyo hivyo?

Wenzetu wa Voi, hapo Kenya tu, walijaribu. Wana mtaa unaitwa Tanzania-Bondeni, jina letu kabisa. Watu waliishi pale bila hati, roho juu wasije wakahamishwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 ulipokuja mradi wa kuboresha mtaa, waliulizwa: mnataka kila mtu hati yake, au ardhi iwe ya wote? Wakachagua amana ya ardhi ya jamii. Maana yake ni hivi: ardhi inashikwa na wadhamini kwa niaba ya wakazi. Nyumba ni yako, unaweza kuiuza au kuwaachia watoto. Ardhi iliyo chini yake haiuzwi.

Waliogopa nini? Waliogopa kwamba hati zikigawiwa moja moja, mwenye njaa atauza kwa bei ya kutupa, tajiri atanunua, na maskini ataanza upya kwenye banda lingine. Mpango huo una gharama yake, sitawadanganya. Kiwanja huwezi kukipeleka benki peke yako kama dhamana. Lakini pia benki haiwezi kukufukuza juu yake.

Sasa mtasema, hayo ni ya Kenya. Hapana. Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999, kifungu cha 8, inasema halmashauri ya kijiji inasimamia ardhi kama mdhamini. Mdhamini sio mwenye mali! Na inasema halmashauri haiwezi kumgawia mtu ardhi kabla Mkutano wa Kijiji haujakubali. Mkutano huo ni wewe, ni mama yako, ni kila mkazi mwenye miaka 18 na kuendelea.

Kwa hiyo sheria ipo. Kinachokosekana ni sisi.

Nilijifunza hili kwa aibu. Miaka ya nyuma, kwenye kijiji kimoja ambacho sitakitaja, nilisaini karatasi ya mahudhurio nikaondoka kabla kikao hakijaisha. Nilikuwa na haraka ya mpira. Baadae karatasi ile ile ilibandikwa kwenye muhtasari unaosema wananchi tumeridhia eneo la malisho apewe mtu. Jina langu lilikuwa la saba. Bibi mmoja aliyekuwa analisha mbuzi wake pale aliniuliza, "Mjukuu wangu, na wewe ulikubali?" Sikuwa na jibu. Mpaka leo sina.

Sisi wa Same tunajua ardhi inavyoweza kuondoka. Mwaka 1988 wafugaji walitolewa Mkomazi. Walikwenda mahakamani, na ardhi hawakurudishiwa. Usisubiri kupigania ardhi ikishaondoka.

Naomba mambo matatu. Kwanza, mkutano ujao tuulize: cheti cha ardhi ya kijiji kiko wapi, na mipaka inasemaje? Pili, tudai maeneo ya malisho, vyanzo vya maji na viwanja vya vijana wa kesho yatengwe kama ardhi ya jumuiya na yaandikwe kwenye daftari. Tatu, usisaini karatasi tupu, na usiondoke kabla muhtasari haujasomwa.

Hili sio la chama. Mwenyekiti awe wa chama tawala au wa kwetu, muulizeni vile vile. Tukishinda sisi halafu tukauza, mtufukuze.

Ndiva haiuzwi. Na ardhi inayotulisha iwe hivyo hivyo.